Sijambo, Ila

Kila asubuhi ya shule, Mbodze alikuwa na kazi moja ambayo hakuna mwingine nyumbani kwao Buxton aliyeiweza. Alinyoosha mkono tu, bila kupanda kiti, akateremsha kopo la sukari kutoka juu ya kabati. Mama yake, Sidi, aliliweka huko ili watoto wadogo wasilifikie. Shida ni kwamba hata yeye mwenyewe hakulifikia. "Mimi nimezaa ngazi," alikuwa akisema, na kila siku alikicheka kichekesho hicho kana kwamba amekitunga usiku huo huo.

Mbodze alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu na urefu wa futi tano na inchi kumi. Pindo la sare yake ya darasa la saba lilikuwa limefumuliwa mara mbili mwaka huo wa 1995, na sasa hapakubaki kitambaa cha kufumua tena. Shuleni wavulana walimwita Mnazi. "Mnazi, tuangulie dafu!" walimpigia kelele akipita, naye alikunja mabega na kutembea akiangalia chini, kama mtu aliyeangusha sindano. Alichukia urefu wake. Usiku mwingine alilala amejikunja akidhani labda atakoma kurefuka.

Njia ya shule ilipita mbele ya kibaraza cha Mzee Faraj, fundi cherehani. Mzee huyo alikuja kila siku kwa baiskeli kutoka kwake Kibokoni, Mji wa Kale, na alikuwa babu yake Mejumaa, rafiki mkubwa wa Mbodze. Hapo kibarazani ndipo wasichana hao wawili walipokutana ili waende shule pamoja. Lakini hakuna aliyepita hapo bila salamu, na salamu za Mzee Faraj hazikuwa za haraka.

"Sabalkheri, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Shikamoo, Mzee Faraj."

"Marahaba. Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Na baba hajambo?"

"Hajambo."

Mzee Faraj alisimamisha cherehani, akatoa pini mdomoni, akauliza neno moja tu. "Ila?"

"Ila ana homa tangu juzi. Hata kazini hakwenda."

"Ahaa! Sasa ndipo umenipa habari. Mwambie nitapita kumtazama baada ya alasiri."

Ndivyo tulivyolelewa sisi watu wa pwani. Mtu akiulizwa hali, hujibu kwanza kuwa hajambo, hata kama paa linawaka moto. Huo moto huja baadaye, nyuma ya neno "ila". Ni adabu nzuri, wala siisemi vibaya. Ubaya ni kwamba wengi wetu huishia kwenye "sijambo" tukaenda zetu na moto wetu. Mzee Faraj peke yake ndiye aliyekuwa hamwachi mtu aondoke na ila yake mfukoni.

Siku za Jumamosi Mbodze hakukunja mabega. Siku hizo alikwenda Tononoka, kwenye uwanja wa saruji wa mpira wa kikapu, na huko alimkuta mwanamke mmoja aliyemfanya yeye aonekane mfupi.

Mwanamke huyo alikuwa Dama Kazungu. Urefu wake ulikuwa futi sita na inchi tatu, na inasemekana milango ya Mji wa Kale yote ililijua paji lake la uso. Alifanya kazi katika ofisi ya kampuni moja ya kusafirisha mizigo huko Mbaraki, na alichezea timu ya kampuni hiyo akiwa senta, yaani yule mchezaji anayesimama chini ya kikapu, akadaka mipira inayogonga bodi na kurudi, na kuwazuia wote wanaotaka kupita katikati. Mashabiki walimwita Mnara. Jina hilo yeye alilipenda.

Hakuna mtoto wa Tononoka asiyeijua hadithi ya Dama. Alitoka kwao Kaloleni akiwa na miaka kumi na saba, bila viatu vya michezo, kwa sababu hapakuwa na duka lililouza viatu vya mwanamke vya nambari yake. Mwaka wake wa kwanza alichezea viatu vya mpishi mmoja wa meli. Mwaka wa pili timu yake ilishinda ubingwa, na ikaushinda tena mara tatu mfululizo. Timu nyingine zilimwekea walinzi wawili, kisha watatu, na bado alifunga. Akaitwa timu ya taifa. Halafu likatokea jambo ambalo hata jamaa zake hawakuliamini. Klabu ya Ureno ilimwandikia barua kumwomba aende akacheze huko kwa mshahara. Mjomba wake aliuliza mara tatu, "Kwa hiyo utalipwa kwa kurusha mpira kikapuni?" Alipoambiwa ndiyo, aliomba apelekwe na yeye.

Dama alicheza Ureno misimu mitatu. Siku moja alifunga pointi thelathini na nane katika mchezo mmoja, na gazeti la huko lilitoa picha yake akiwa ameinua mikono, na vichwa vya wachezaji wengine vikiishia kwapani mwake. Picha hiyo alikuwa nayo bado. Kisha akarudi Mombasa. Watu walipomuuliza kwa nini alirudi mapema, alisema alikumbuka pweza wa kwao. Watu walicheka, naye aliwaacha wacheke.

Sasa alikuwa na miaka thelathini na mitatu, alicheza na bandeji gotini, na kila Jumamosi aliwafundisha wasichana wadogo bila malipo yoyote.

"Simama wima," alimwambia Mbodze siku ya kwanza. "Urefu huo wamwonea haya nani?"

"Wananiita Mnazi, Dada Dama."

"Mnazi! Na nani aliyewahi kuucheka mnazi akiwa na njaa? Inua mikono. Juu zaidi. Sasa niambie wavulana wako wataifikia wapi hiyo mikono."

Tangu siku hiyo Mbodze aliupenda mchezo ule kuliko chakula. Chini ya kikapu, mwili ule uliomwaibisha wiki nzima ulikuwa na kazi. Wenzake walimtafuta kwa macho, wakamrushia mpira, wakaita "Mbodze! Mbodze!" badala ya lile jina jingine. Alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuijua.

Mwezi wa Juni zikaja habari kubwa. Wasichana kumi watachaguliwa kuunda timu ya chipukizi wa Pwani, na katika likizo ya Agosti watapanda treni kwenda Nairobi kushindana na mikoa mingine. Nyumbani, baba yake, Baya, alizipokea habari hizo kwa shangwe kuliko mtu yeyote. Kazi yake ilikuwa kuunganisha mabehewa ya treni pale stesheni. Kwa miaka kumi na minane alikuwa ameunganisha mabehewa ya watu wengine.

"Behewa lenu nitalifunga kwa mikono yangu mwenyewe," alisema. "Nitalifunga vyema, hata shetani asilifungue."

"Bado sijachaguliwa, baba."

"Wewe? Watamchagua nani tena, mimi?"

Wiki hiyo hiyo goti la kushoto la Mbodze likaanza kuuma.

Mwanzoni lilikuwa jambo dogo. Akiruka, akitua, alisikia kama amechomwa na mwiba chini kidogo ya kilegesambwa, ule mfupa wa mbele ya goti. Baada ya wiki mbili, mahali hapo pakatokea nundu ngumu, na kupiga magoti kanisani kukawa mateso. Akajikaza. Alirarua ukanda wa leso kuukuu ya mama yake, akalifunga goti chini ya suruali yake ya mazoezi, na hakumwambia mtu. Mtu mmoja tu alijua, naye ni Mejumaa, kwa sababu ndiye aliyemkuta chooni akiufunga ukanda huku machozi yakimtoka.

"Mwambie Dada Dama," Mejumaa alisema.

"Nikimwambia nitaachwa."

"Na usipomwambia? Mficha maradhi..."

"Hiyo methali kaiweke kwenye insha," Mbodze alimkatiza. "Niahidi hutasema."

Mejumaa aliahidi, lakini kwa shingo upande. Yeye naye alicheza pale Tononoka, mfupi, mwepesi, mtandio wake umefungwa imara, na pasi zake nyingi zilikwenda kwa Mbodze. Alimpenda sana rafiki yake, na siri ile ilimkaa rohoni kama mfupa wa samaki kooni.

Siku ya kuchaguliwa, Mbodze alicheza vizuri kuliko siku zote. Alidaka kila mpira uliogonga bodi. Lakini alitua kwa mguu mmoja, wa kulia, na Dama, ambaye macho yake yalikuwa ya senta, aliona. Wakati wa mapumziko alimwita kando.

"Mbodze, hujambo?"

Neno lilimtoka Mbodze kabla hajafikiri. "Sijambo, Dada."

Dama alimwangalia kidogo, akaangalia goti, akaangalia saa. Refa akapuliza firimbi. "Haya, rudi," alisema.

Jioni hiyo majina kumi yalisomwa, na la kwanza lilikuwa la Mbodze. La mwisho lilikuwa la Mejumaa. Becky, msichana wa Ganjoni aliyecheza nafasi ya Mbodze, aliwekwa akiba, akaondoka akijifuta macho kwa mkono wa fulana. Mbodze alifika nyumbani akichechemea gizani ili asionekane, na baba yake alipomnyanyua kwa furaha, au alipojaribu kumnyanyua, Mbodze alicheka na kulia kwa pamoja. Wote walidhani ni furaha tupu.

Suruali za timu zilipewa Mzee Faraj azishone. Jumatatu baada ya shule wasichana walipanga foleni kibarazani, na zamu ya Mbodze ikafika. Mzee alipima kiuno, akapima mguu wa kulia kutoka kiunoni hadi chini.

"Inchi arobaini na moja na nusu," alimwambia Mejumaa, aliyekuwa akimwandikia. Kisha akapima mguu wa kushoto.

"Babu, si umepima mmoja, basi?"

"Fundi wa kweli hupima yote miwili. Mungu hakushona kwa cherehani." Akasoma utepe. Akapima tena. "Arobaini na nusu."

Mejumaa hakuandika. Alikodolea daftari macho.

"Mwezi wa Aprili nilikushonea gauni la Pasaka," Mzee Faraj alimwambia Mbodze polepole, "na miguu ilikuwa sawa. Mguu wa mtu haupungui inchi nzima kati ya Pasaka na Julai. Huu wa kushoto hujausimamia, umeukunja. Hebu ukanyage sawasawa."

Mbodze alijaribu kuukanyaga sawasawa. Uso wake ukamsaliti.

Mzee alikaa juu ya kigoda chake ili amtazame vizuri. Aliwaambia wasichana wengine waende wakanunue kachri za kutafuna, na walipokwisha kuondoka akauliza kama alivyouliza kila asubuhi. "Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo."

Akangoja. "Ila?"

Mbodze alilia. Alilia hata maneno hayakutoka kwa mpangilio: goti, wiki tano, leso, baba na behewa lake, Mnazi. "Nisipokwenda Nairobi nitarudi kuwa Mnazi tu," alisema. "Pale uwanjani ndipo mahali pekee ninapofaa."

"Pole. Pole sana, mwanangu," Mzee Faraj alisema, na sauti yake ilikuwa laini. "Hakuna mja asiye na ila. Mimi jicho hili moja halioni uzi mweusi, ndiyo maana namwita Mejumaa anitungie sindano. Ningeficha, ningeshona suruali za watu kwa uzi mwekundu." Akakunja utepe. "Sasa sikiza. Mimi siri za wateja sizitoi. Sitamwambia Dama. Lakini suruali ya mtu anayechechemea sishoni pia, maana sijui niifuate miguu ya leo au ya kesho. Nenda ukamwambie mwenyewe, kisha rudi nikupime."

Mbodze alimgeukia Mejumaa. Mejumaa alikuwa akilia pia. "Nitakusindikiza," alisema.

Walimkuta Dama huko Mbaraki, akitoka ofisini na bahasha kwapani. Mbodze alipiga moyo konde, akasema yote kwa pumzi moja kabla woga haujamrudi. Dama hakumgombeza. Aliketi kwenye ngazi za ofisi, akavuta sketi yake juu kidogo, akafungua bandeji. Chini yake palikuwa na kovu refu lililozunguka goti kutoka upande mmoja hadi mwingine.

"Mwajua kwa nini nilirudi kutoka Ureno?"

"Ulimkumbuka pweza," alisema Mejumaa.

"Pweza!" Dama alicheka bila furaha. "Kule timu ilikuwa na daktari wake. Mzee mzuri, mwenye masharubu. Kila Jumatatu alituuliza mmoja mmoja, hali yako vipi? Wenzangu walimwambia kisigino kinauma, bega linauma, hata kucha. Mimi nilijibu nzuri. Kireno cha 'sijambo' nilikijua kabla ya Kireno cha mkate. Nyumbani nilifundishwa kuwa mtu mwenye adabu hajambo. Na nilikuwa Mnara, bwana. Mnara utasemaje unaumwa? Goti lilikuwa limeniuma tangu Oktoba. Nilipoanguka na kubebwa kutoka uwanjani mwezi wa Februari, daktari alilia kuliko mimi. Aliniambia, Dama, kama ungeniambia Oktoba, ningekupumzisha wiki sita tu. Wiki sita! Nilipoteza miaka sita."

Alifunga bandeji tena, taratibu.

"Ile siku ya kuchagua niliona unatua vibaya," alisema. "Nikakuuliza hujambo. Nilikupa salamu, nawe ukanijibu salamu. Mimi ndiye niliyepaswa kukuuliza swali, na sikuuliza kwa sababu nilitaka ushindi. Nisamehe."

Mbodze hakuwahi kuombwa msamaha na mtu mzima.

Kesho yake Dama na Sidi walimpeleka hospitali. Daktari alibonyeza ile nundu, akamwonyesha picha ya mifupa, akaeleza kwa lugha nyepesi. Mbodze alikuwa akirefuka haraka mno, na mishipa minene inayoshika mfupa chini ya kilegesambwa ilikuwa ikivutwa kuliko uwezo wake. Ni jambo linalowapata watoto wengi wanaoruka sana. Likipumzishwa hupona. Lisipopumzishwa, mishipa hiyo inaweza kung'oa kipande cha mfupa.

"Apumzike kwa muda gani?" Sidi aliuliza.

"Miezi mitatu bila kuruka."

Treni ya Nairobi ilikuwa imebakiza siku kumi na mbili.

Kumwambia mama kulikuwa rahisi, kwa sababu mama alikuwapo. Kumwambia baba ndiko kulikuwa kugumu. Baya alisikiliza mpaka mwisho, kofia yake ya kazi mkononi, akaizungusha, akaizungusha. "Behewa nitalifunga vivyo hivyo," alisema hatimaye. "Lina watoto wa watu ndani yake. Nawe utakuja kuniangalia, maana hujawahi kuiona kazi yangu."

Basi jioni ya safari Mbodze alisimama kwenye jukwaa la stesheni, fimbo ya kutembelea mkononi, akamwona baba yake akiingia katikati ya mabehewa mawili mazito, akiinama, akinyanyua mnyororo wa chuma na kuukaza kwa nguvu zake zote. Baba alipotoka, jasho likimtiririka, aliligonga lile behewa kwa kiganja mara mbili. Dirishani alikuwa Becky, amevaa suruali mpya ya Mzee Faraj. Becky alimpungia mkono kwa aibu kidogo.

"Daka mipira mikono ikiwa juu!" Mbodze alimpigia kelele. "Usingoje ianguke!"

Mejumaa alijitokeza nusu nzima dirishani, mtandio ukipepea, mpaka Dama akamvuta ndani. Treni ikaondoka. Mbodze alisimama wima mpaka behewa la mwisho lilipopotea, kisha akamlalia baba yake begani akalia kwa uchungu kweli kweli. Uchungu ule ulikuwa halali yake, wala sitaki mtu amwambie ati hakupaswa kulia. Timu ilirudi na nafasi ya tatu.

Miezi ilipita. Mbodze alifanya mazoezi aliyopewa, akaweka barafu gotini, akahesabu siku. Alikaa kando ya uwanja kila Jumamosi akiandika pointi, na kwa kuandika akajifunza kuuona mchezo kuliko alipokuwa ndani yake. Nundu ilibaki, maumivu yakaondoka. Wavulana waliendelea kumwita Mnazi, naye siku moja aligundua kuwa amewajibu, "Dafu mtalipata mkikua," na akaendelea na safari yake.

Mwezi wa Desemba timu ya Dama ilicheza na mabingwa kutoka Nairobi, pale pale Tononoka. Watu walijaa, wengine juu ya ukuta. Wasichana wa Jumamosi waliruhusiwa kukaa karibu na benchi, na Mbodze alipewa kazi ya kushika taulo. Dama alicheza kama zamani. Alifunga, alizuia, alidaka mpira juu ya vichwa vya wasichana waliokuwa wadogo wake kwa miaka kumi na mitano, na uwanja mzima uliimba "Mnara! Mnara!" Timu zilikuwa sare. Zikabaki dakika tisa.

Dama akaruka tena, akadaka, akatua. Mbodze aliona, kwa sababu sasa alijua pa kutazama. Dama alitua kwa mguu mmoja.

Kocha wa timu, Bwana Crispus, aliomba mapumziko. Wachezaji wakaja kwenye benchi wakihema. "Dama, hujambo?" aliuliza Crispus, huku tayari akichora mpango wa mchezo.

"Sijambo," alisema Dama, akapokea taulo.

Mbodze hakuachia taulo. Walishika wote wawili, mmoja ncha hii, mwingine ncha ile. Yeye ni nani, mtoto wa darasa la saba, wa kumuuliza Mnara? Lakini aliuliza, kwa sauti ndogo, ambayo kila mtu kwenye benchi aliisikia.

"Ila, Dada?"

Dama alimtazama. Kisha kicheko kikaanza kumtoka taratibu, na macho yakamjaa machozi humo humo kwenye kicheko.

"Ila basi," alisema. "Sijambo, Crispus, ila basi. Mwingize Wanza."

Akaketi. Akainama, akafungua bandeji ya gotini, akaikunja vizuri, akaiweka mapajani. Kwanza watu hawakuelewa. Walipoelewa, waliokuwa wameketi walisimama, na waliokuwa juu ya ukuta wakapiga makofi kwa mkono mmoja ili wasianguke. Makofi yalidumu mpaka refa akaomba wanyamaze. Timu ilishindwa kwa pointi mbili, na wako walionung'unika njia nzima kwamba Dama angekaa uwanjani wangeshinda. Wenye kunung'unika hawakosekani.

Mchezo ulipokwisha, Dama aliwakusanya wasichana wake wa Jumamosi pale benchini.

"Leo nimeacha kucheza," alisema. "Nimeacha kwa miguu yangu, sikubebwa. Ureno nilibebwa. Tofauti yake naijua. Wazazi wetu walitufundisha kusema sijambo, na mlishike neno hilo, ni neno la heshima. Lakini heshima hiyo ni ya kumpa mwenzako moyo, si ya kujidanganya. Mwili ukiwa na ila, itajeni. Mwambieni mzazi, mwambieni mwalimu, mwambieni daktari. Anayesema ukweli mapema hupoteza safari moja. Anayeficha hupoteza njia yote. Nami leo nisingeyasema haya, kama huyu hangeniuliza." Akaiweka ile bandeji mkononi mwa Mbodze. "Usiivae. Iweke tu uione."

Januari shule zilipofunguliwa, Mbodze alipita kibarazani asubuhi mapema. Jumamosi iliyotangulia alikuwa amecheza mchezo mzima kwa mara ya kwanza tangu Julai. Mzee Faraj alitundua kutoka msumarini suruali iliyomngoja tangu Desemba, alipompima upya, akamwambia aivae nyuma ya pazia. Alipotoka, mzee alipitisha utepe miguu yote miwili. Ilikuwa sawa kabisa. Alitoa pini mdomoni kwa raha.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, Mzee Faraj."

"Ila?"

Mbodze alisimama wima, mabega nyuma, akatazama chini, mbali kule zilikoishia nguo na kuanza vifundo vya miguu.

"Ila suruali imekuwa fupi."